Dada Yuko Eda, Mimi Nikamtia Kwenye Muvi

Jamani, nimekosa. Siji hapa kutafuta wa kunitetea, maana hata mimi mwenyewe sijitetei. Nimemtenganisha dada yangu wa tumbo moja na mabinti zake wawili, na nilichopata ni kicheko cha watu kwenye banda umiza, kibanda cha kuonyeshea muvi. Basi. Kicheko tu!

Jina langu nalificha, na majina ya wenzangu nimeyageuza. Bagamoyo yetu ndogo, wanaonijua watanijua tu. Wakinitukana wana haki.

Kazi yangu ni kutafsiri muvi. Zile muvi za Kikorea, za Kihindi, za Kituruki, mnazoziona mtaani zina sauti ya mtu mmoja anaongea juu kwa Kiswahili, mwanamume yeye, mwanamke yeye, mtoto mchanga yeye, mbwa yeye. Basi mmoja wao ndiye mimi. Nina chumba cha uani, magodoro mabovu nimeyasimamisha ukutani yazuie kelele, na bado majogoo wa jirani wanasikika wakiwika Uturuki. Kituruki chenyewe sikijui. Nasoma maandishi ya Kiingereza chini ya picha, ninachokielewa nakisema, nisichokielewa natunga.

Na msidhani watu wanataka tafsiri. Wanataka dijei, ndivyo wanavyotuita sisi watafsiri, aiponde muvi humo humo inapocheza! Steringi, yule mhusika mkuu, akifanya ujinga, umwambie mjinga. Muvi ikipoa, useme imepoa. Mimi maoni yangu ndiyo yaliyonipa jina.

Sasa mwaka jana nikaanza kuishiwa. Utani ule ule, matusi yale yale. Mwenye banda ninayempelekea muvi akaniambia mbele ya wateja, "Dijei, siku hizi unatafsiri kama unasoma matangazo ya vifo." Watu wakaangua kicheko. Kulikuwa na kijana mmoja wa Chalinze naye anatafsiri, mwepesi wa mdomo, wateja wangu wakaanza kumkimbilia. Roho iliniuma, sifichi.

Katika siku hizo hizo shemeji yangu akafariki.

Alikuwa mume wa dada Hawa. Dada kanizidi miaka saba, na mama yetu alipoondoka duniani yeye ndiye aliyeniogesha, akanivalisha, akanipeleka shule. Mume wake alikuwa bwana wa heshima zake: safu ya mbele msikitini, kanzu imenyooka, sauti ya chini. Mji mzima ulimsifu. Tukazika, tukasoma khitma, dada akakaa eda pale pale kwao, upande mmoja wa nyumba ya mama mkwe wake, Bi Tausi. Miezi minne na siku kumi hatoki, hajipambi, hajitii manukato, haonwi na mwanamume anayeweza kumuoa. Mimi ndugu yake wa damu nilikuwa naruhusiwa kuingia, na nikawa naingia karibu kila siku baada ya alasiri.

Wiki ya pili akaninong'oneza, "Mdogo wangu, niletee muvi."

Nikashtuka. Mjane, muvi? Bi Tausi akijua si patachimbika!

"Niletee," akasema. "Miaka kumi na moja sijatazama muvi hata moja mpaka mwisho."

Ndipo akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulijua. Marehemu alikuwa akienda kazini anatia rimoti mfukoni. Televisheni kubwa ipo sebuleni, wageni wanaisifu, dada kazi yake kuifuta vumbi. Jioni bwana anarudi, anaiwasha, anatazama taarifa ya habari, anaizima, rimoti inarudi mfukoni. Miaka kumi na moja! Hapigi, hatukani, hafoki. Rimoti mfukoni tu.

Nikampelekea kompyuta yangu ndogo ya zamani na hedifoni. Bi Tausi akipita mlangoni anamwona mkwewe kajiinamia, kajifunika mtandio mweupe gubigubi, anadhani anasikiliza mawaidha. "Mungu akupe subira, mwanangu," anamwambia. Dada anaitikia amina, huku kwenye masikio yake Wahindi wanapigana marungu.

Weee! Mimi nilikuwa sijui dada yangu ana mdomo ule. Mpole, mtaratibu, miaka yote ile kanyamaza, kumbe ndani amejaa! Nikimfuata baada ya muvi namkuta na maoni yake tayari, ananong'ona kwa ukali, anafinya macho.

Muvi ya Kihindi, steringi kapigwa risasi saba na bado anaimba. Dada: "Huyu damu yake ni rangi ya ukuta. Mpigeni ya nane kwenye koo, tupumzike."

Ya Kikorea, wale wawili wanapendana sehemu kumi na nne hawajashikana hata mkono. Dada: "Huku kwetu ningekuwa nimeshaposwa, nimeshaolewa, nimeshaachwa, na talaka naifungia vitumbua. Wanangoja nini, mvua ya vuli?"

Ya Kinigeria: "Yule mama mkwe kilemba chake kimeingia leo, yeye mwenyewe ataingia kesho. Na huo mwendo wake, utasema anatembea juu ya makaburi ya wakwe aliokwisha kuwaua."

Halafu nikampelekea ya hapa hapa nyumbani, ya Kibongo, walipiga picha ufukweni kwetu. Mama wa watu kaamka asubuhi kitandani ana kope za kubandika na midomo imepakwa. "Mimi nikiamka nafanana na mtu aliyefukuliwa," dada akasema. "Na hiyo maiti yao inapumua. Wangemwambia marehemu awe na adabu, ameshakufa."

Nilikuwa nacheka mpaka natia kofia mdomoni.

Na hapo, ndugu zangu, ndipo nilipoanza wizi. Nikifika chumbani kwangu naweka muvi ile ile, nawasha maiki, na maneno ya dada yanatoka kwa sauti yangu. Sikumwambia. Watu wakapagawa! Mwenye banda akanishika mkono, "Dijei umerudi! Umekuwa mkali kuliko zamani, umekula nini?" Nikajibu kipaji. Astaghfirullah. Nikasema ni kipaji changu!

Yule kijana wa Chalinze wateja wakamwacha. Nikatembea kifua mbele. Nikiingia mtaani watoto wananifuata. Na kila alasiri naenda kwa mjane wa watu kuchota.

Mwezi wa tatu wa eda nikampelekea ya Kituruki, ndefu, muziki wa kulia mwanzo mpaka mwisho. Mume kafa kwa ajali ya gari. Mke analia sehemu nzima, mvua inamnyeshea, anakumbatia koti la mume.

Dada akatoa hedifoni masikioni. "Huyu analia nini?"

"Mume wake kafa, dada."

"Naona kafa. Nauliza analia nini."

"Labda alimpenda."

"Labda." Akakunja waya wa hedifoni. "Mimi wangu alipokata roho nilikaa nikangoja machozi kama mtu anangoja maji ya bomba. Hayakuja. Wanawake wakadhani nimepigwa na bumbuwazi, wakawa wananipepea. Bumbuwazi wapi! Nilikuwa nawaza, rimoti iko mfuko gani? Jamani msije mkamzika nayo!"

Nilicheka mpaka nikalala chini. Yeye naye akacheka, mtandio mdomoni, mabega yanatikisika. Halafu akaacha kucheka.

"Nilimshikia jagi la kunawa miaka yote ile," akasema. "Yeye anakula, mimi nimesimama na jagi mpaka amalize. Mimba ya Salma miguu imevimba kama mihogo, nimesimama. Siku tuliyomzika, wageni walipotawanyika, nikakaa chini nikala. Nilikula, mdogo wangu! Sahani nzima. Nikasema alhamdulillahi, na sikuwa nashukuru chakula."

Akanishika kiganja.

"Hili liishie hapa. Watoto ni wa ukoo wa baba yao. Salma alimpenda sana baba yake, na kwake alikuwa baba mzuri, siwezi kumnyang'anya mtoto hilo. Mengine sema ukitaka, najua unayasema, nimekusikia kwenye simu ya jirani. Hili likitoka, mimi sina watoto."

Kumbe alijua kuwa namwibia, na alikuwa kaninyamazia!

"Wallahi, dada," nikamwambia. "Halitoki."

Siku tatu. Kiapo changu kilikaa siku tatu.

Nilikuwa chumbani natafsiri muvi ile ile ya Kituruki. Imepoa, Mungu shahidi, imepoa kama uji wa jana. Nafika pale mke anapolia mvuani, sina la kusema. Nikamfikiria yule kijana wa Chalinze. Nikawaza benchi zile, watu wanaangalia simu zao badala ya muvi yangu. Mdomo ukafunguka. Siwezi kumsingizia shetani, mdomo ulikuwa wangu.

Nikabana sauti ikawa ya kike. "Uwiii! Rimoti iko mfuko gani jamani? Msimzike nayo! Na jagi lake la kunawa mzikeni nalo, nimelishika miaka kumi na moja mguu umevimba! Leo nakaa chini nakula! Alhamdulillahi!"

Yote nikayatia. Sikubakiza.

Nikarudia kusikiliza, nikacheka peke yangu. Ningeweza kufuta. Kufuta ni kubonyeza mara moja tu! Sikufuta kwa sababu lilikuwa jambo zuri kuliko yote niliyowahi kurekodi, na nilijua hivyo.

Kwenye banda mtu mmoja alianguka kutoka kwenye benchi. Wakataka pale mahali parudiwe, pakarudiwa mara nne. Watu wakaja na flashi zao kuwekewa: wa Mbegani, wa Makurunge, wa Msata, wa Lugoba. Ikawa msemo wa mji. Mtu akizingua tu, wenzake wanamwuliza, "Rimoti iko mfuko gani?" Mimi napita nasikia, nafurahi! Nasema kweli yangu, nilifurahi.

Marehemu alikuwa na mdogo wake, Kondo, mwenye duka la vipuri vya pikipiki Lugoba. Kondo akaisikia kwa fundi simu. Rimoti. Jagi. Miaka kumi na moja. Akafunga duka akaja.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na nane eda iishe. Nilikuwa nimekaa na dada, Bi Tausi akaniita sebuleni kwa upole tu, "Njoo, baba." Dada akasimama nyuma ya pazia la mlango, kwa sababu Kondo hatakiwi kumwona. Kondo akabonyeza simu yake, ikatoka sauti yangu, nimeibana, naitolea puani. Uwiii!

Bi Tausi akasikiliza mpaka mwisho. Yule mama ana macho mabovu, akawa anaiangalia ile simu kama anajaribu kumwona mtu ndani yake.

"Baba," akaniambia, "haya umeyatunga wewe?"

Nikageuka kuliangalia pazia.

"Sema umeyatunga, nami nitaamini. Nyie kazi yenu kutunga."

Jamani! Yule mama mzazi wa marehemu alinifungulia mlango. Ningesema tu, "Nimetunga, mama, nisamehe," angenifukuza, angenilaani, na dada angebaki na watoto wake. Neno moja!

Kondo akadakia. "Aape. Msahafu huo hapo rafuni. Aape kuwa katunga, na akiapa uongo Mungu amkaushe ulimi."

Nikauangalia Msahafu. Mimi niliyekula kiapo mbele ya dada yangu nikakivunja baada ya siku tatu, hapo ndipo nikajifanya mcha Mungu! Nikaogopa ulimi wangu. Nikawaza, ukikauka nitatafsiri na nini?

Nikasema, "Dada ndiye aliyeniambia."

Nyuma ya pazia ikaja sauti ya dada, haikutetemeka hata kidogo: "Ni maneno yangu, mama. Yeye kayasema vibaya, lakini ni yangu."

Bi Tausi akavuta ukaya wake vizuri kichwani. "Nilikupepea mimi," akasema. "Siku ile nilikupepea kwa mikono yangu."

Yaliyobaki aliyasema Kondo, na siyaandiki.

Dada alitoka alasiri ile ile, eda haijaisha, kajifunika uso, begi moja. Salma, wa miaka kumi, na mdogo wake wa miaka sita walikuwa madrasa. Kondo akasema hakuna kuwasubiri. Nikaita bajaji. Dereva, kijana wa mtaa wa pili, aliponiona akachangamka, "Aaa, Dijei! Rimoti iko mfuko gani?" Akacheka peke yake njia nzima mpaka Mbegani. Mimi nimekaa mbele, dada yuko nyuma.

Akamalizia eda yake kwa shangazi yetu huko Mbegani. Watoto wakachukuliwa Lugoba.

Nilikwenda kumwomba radhi. Shangazi hakunikaribisha ndani. Dada akatoka, akasimama mlangoni, nikampa shikamoo. Hakuitika.

"Umenitazamisha muvi nyingi," akasema. "Wabaya wa kila nchi nimewaona. Mhindi anaua kwa sababu baba yake aliuawa. Mkorea anaua kwa sababu alinyimwa urithi. Hata yule Mnigeria mwenye kilemba alikuwa na sababu yake, ya kijinga lakini ipo. Wewe nimekutafutia sababu siku kumi na nane nimekaa humu ndani. Huna."

Akafunga mlango taratibu. Afadhali angeubamiza.

Baadaye tukapeleka shauri kwa shehe. Shehe ni mtu wa haki, akasema mama ana haki na wanawe, lakini yule mkubwa ana akili yake, aulizwe. Kondo akaja nao. Dada alikuwa kavaa baibui jipya, kanunua na biskuti zile wanazozipenda, kazishika mkononi. Pakiti alikuwa anaigeuzageuza mpaka inalia.

Watoto wa huko Lugoba wanatazama muvi zangu. Shule nzima inatazama. Salma ameisikia ile sehemu, wenzake wameiigiza mbele yake uwanjani, na Kondo kamweleza sauti ni ya mjomba lakini maneno ni ya mama.

Wakaingia. Salma akampita mama yake kama anapita nguzo, akaja mpaka nilipokaa mimi.

"Shikamoo, mjomba."

Mimi! Akanipa mimi mkono! Nikashindwa kuitika marahaba.

Shehe akamwuliza kwa upole, je, anataka kukaa kwa mama yake? Salma akaangalia chini. "Kwanza aseme," akajibu. "Aseme kama ni kweli alifurahi baba alipokufa."

Chumba kizima kikamgeukia dada. Nikaomba moyoni, nikaomba kweli kweli, adanganye. Dada yangu alidanganya watu miaka kumi na moja kuwa ana raha, uongo mmoja zaidi ungemshinda nini? Lakini mtoto alikuwa kamkazia macho, na yeye hakuwahi kumdanganya mtoto wake. Alifungua mdomo, akaufunga.

Salma akamshika mdogo wake mkono, wakatoka kwenda kwenye gari la Kondo. Yule mdogo alikuwa anageuka nyuma kuziangalia zile biskuti.

Sasa wewe unayesoma hapa, unayetafuta vicheko kwenye kundi la simu, kwenye kijiwe, kwenye maiki, nakuomba. Ndugu yako akikuambia hili liishie hapa, lizike. Usiliongezee chumvi, usilibadilishe jina, usilitie kwenye mdomo wa Mturuki ukadhani limefichika. Waliolala nyumba moja na lile neno watalijua kwa harufu. Na kama umeshalitoa, na mtu akakufungulia mlango wa kulirudisha, rudisha hata kama ulimi utakauka. Mimi wangu haujakauka. Unafanya kazi vizuri sana.

Msiniandikie kunipa pole. Juzi kaja mtu kutoka Makurunge na flashi, ananiuliza kama bado ninayo ile ya mjane.

Nikamwambia ninayo. Nikamwekea.